Siku 30 za kadi ya mkopo, mwaka mzima wa kusubiri nyumba

Hapa Marekani ukichelewa kulipa kadi ya mkopo kwa wiki moja, mbili, hata siku 29, utatozwa faini na riba, na kampuni ya kadi itakupigia simu mpaka uchoke. Hasara hiyo inabaki kati yako na wao. Siku 30 zikitimia bila malipo, jina lako linapelekwa kwenye ofisi tatu zinazotunza kumbukumbu za madeni ya watu, Equifax, Experian na TransUnion, na kuanzia hapo kila mkopeshaji utakayemwendea anaweza kuiona habari hiyo kwa miaka saba. Mpaka huo wa siku 30 hakuna anayekusomea siku unapokabidhiwa kadi. Mimi na mume wangu tuliufahamu tukiwa tumeshauvuka, tena tukiwa katika harakati za kutafuta mkopo wa nyumba mjini Louisville, Kentucky. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu wanaoianza safari hiyo, maana kwenye mikutano ya jumuiya nasikia watu wakipeana mawaidha mengi kuhusu krediti, na mengi si ya kweli.

Sisi tulitoka kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo tuliokimbia vita. Mkimbizi anayeletwa Marekani husafiri kwa deni. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM, linalipa tiketi za ndege za familia nzima, mkopo hauna riba, na ukishatimiza kama miezi sita nchini unaanza kuurudisha kidogo kidogo kila mwezi. Wengi tulinung'unika. Mtu hajajua hata kupanda basi la kwenda kazini, ameshaletewa bili ya ndege! Lakini deni hilo ndilo lililotufungulia jalada. Malipo yake yanaripotiwa kwenye zile ofisi tatu, kwa hiyo anayelipa bila kukosa anajikuta ana historia nzuri kabla hajashika kadi yoyote. Mume wangu alilipa mpaka senti ya mwisho. Baadaye akachukua kadi ya dhamana, ile ambayo unaweka kwanza dola 300 zako kwao ndipo wanakupa kadi yenye kikomo cha hizo hizo 300. Baada ya mwaka na kitu wakamrudishia dhamana yake na kumpa kadi ya kawaida.

Maisha yetu mengine yote hayakuonekana kwenye karatasi hizo. Kodi ya nyumba tuliyolipa kila mwezi haikuwa imeandikwa popote. Likilimba, ule mchezo wetu wa kuchanga kila mwezi na kumpa mmoja kwa zamu, ambao nimeucheza na kina mama wenzangu bila hata mmoja kumdhulumu mwenzake, hauna ofisi inayouandika. Ada za watoto wa dada yangu kule Uvira, ambazo hazijawahi kuchelewa muhula hata mmoja, nazo hazimo. Kwa macho ya mkopeshaji, uaminifu wote wa mume wangu ulisimama juu ya miguu miwili: deni la tiketi lililokwisha, na kadi moja. Mwenye akaunti kumi na tano za miaka ishirini akiteleza kwenye moja, zilizobaki zinamshika. Sisi wageni tukiteleza kwenye hiyo moja, hakuna cha kutushika.

Ilikuwaje basi. Mume wangu ni dereva wa lori la masafa marefu. Kadi yake ilikuwa kwenye malipo ya otomatiki, kila tarehe 12 kiwango cha chini kinakatwa kwenye akaunti yetu ya benki. Mwezi Februari mtu tusiyemjua alijaribu kutoa pesa zetu kwa hundi ya kughushi, benki ikaifunga akaunti na kutufungulia nyingine yenye namba mpya. Tulihamisha mshahara, kodi, umeme, bima ya gari na simu. Orodha ya makato tuliyopewa na benki ilikuwa ya siku chache tu za mwezi, na kadi haikuwemo. Machi 12 kampuni ya kadi ikajaribu kukata dola 35 kwenye akaunti ambayo haipo tena, malipo yakarudi.

Walituarifu? Ndiyo, kwa barua pepe. Barua pepe yenyewe ni ile tuliyofunguliwa na mfanyakazi wa shirika lililotupokea, wiki ya kwanza tulipofika, wakati hatujui hata kubonyeza. Nawaambieni ukweli, hili ni jambo la kuliangalia leo hii. Familia nyingi nilizozisaidia kujaza fomu zina akaunti za benki na kadi zilizofungamanishwa na anwani ya namna hiyo, ambayo nywila yake iko kwenye daftari la mtu aliyeacha kazi zamani. Simu nazo zilipigwa, namba ngeni, saa ambazo mwenyewe yuko barabarani na mikono yote miwili iko kwenye usukani. Aprili 20 kadi ikakataliwa kwenye duka la matairi huko Indiana. Alinipigia simu pale pale, nikaingia kwenye akaunti, nikalipa kila kitu kabla hajaondoka dukani: kiwango cha chini cha miezi miwili, faini, na salio lote lililobaki. Tukadhani yamekwisha. Ilikuwa siku ya 39.

Mwezi Juni tukaenda kwa afisa mikopo. Tulikuwa na kianzio tayari, yaani pesa yako mwenyewe unayoitanguliza kwenye bei ya nyumba, stabadhi za mishahara, fomu za kodi ya mapato za miaka miwili, na moyo mkunjufu. Programu ya kwenye simu ilikuwa inamwonyesha mume wangu alama za krediti 701, namba inayompimia mkopeshaji uaminifu wako wa kulipa madeni. Afisa alipovuta taarifa zake zikatoka namba tatu, moja kwa kila ofisi: 641, 652 na 667. Hapo ndipo tulipofundishwa mambo kadhaa kwa mkupuo. Kwanza, alama zile za bure kwenye simu mara nyingi hupigwa kwa kanuni ya VantageScore, wakati wakopeshaji wa nyumba kwa miaka mingi wamekuwa wakitumia matoleo ya zamani ya FICO, kanuni nyingine ya kupiga alama hizo, kwa hiyo namba unayoifurahia kitandani si lazima iwe ile utakayoikuta mezani. Pili, kati ya namba tatu wanachukua ya katikati, hawachukui ya juu wala wastani. Tatu, mkiomba wawili, bei ya mkopo hufuata yule ambaye namba yake ya katikati iko chini. Yangu ilikuwa 712. Haikumfaa mtu.

Halafu akageuza kioo cha kompyuta tuone. Kila akaunti ina mstari wa visanduku vidogo, kimoja kwa kila mwezi, miaka inashuka kuelekea chini. Mstari wa kadi ya mume wangu ulikuwa wa kijani mwaka baada ya mwaka, na kwenye mwezi wa Aprili pamekaa sanduku moja lenye namba 30. Zipo pia za 60, 90 na 120, na kadi ikifikisha siku 180 bila malipo kampuni hulifuta deni kwenye vitabu vyake kama limeshindikana, na hiyo ni doa kubwa kuliko yote niliyotaja. Sisi tulikuwa na moja, ya daraja la chini kabisa. Afisa aliweka kalamu juu ya lile sanduku. Swali lake lilikuwa moja: hii ilitokea lini? Dola ngapi hakuuliza kabisa, na mume wangu alipojaribu kumweleza kwamba zilikuwa 35 tu, alitikisa kichwa kwa upole akasema kiasi hakina maana hapa. Anayekosa kulipa dola 35 na anayekosa 900 wanapata sanduku linalofanana.

Kwenye hesabu za FICO, historia ya malipo peke yake inabeba asilimia 35 ya alama, na kiasi cha deni unalodaiwa asilimia 30. Alama zenyewe zinaanzia 300 mpaka 850. Na kuna jambo ambalo mume wangu aliliona kama dhuluma, nami sikuwa na la kumjibu: aliyekuwa juu ndiye anayeanguka zaidi. FICO wenyewe waliwahi kutoa mfano kwamba mwenye alama 780 akichelewa siku 30 anaweza kupoteza alama 90 hadi 110, wakati mwenye 680 anapoteza kama 60 hadi 80. Aliyezoeleka kuchelewa hawashangazwi naye. Aliyekuwa msafi akichelewa, kanuni inamhesabu kama mtu ambaye mambo yameanza kumharibikia.

Watu wengi huniuliza, je, walituambia hapana? La, hatukukataliwa. Mikopo ya kawaida kwa miaka mingi ilikuwa ikitaka alama 620 kwenda juu, na ile ya FHA, inayodhaminiwa na serikali, inakubali kuanzia 580 kwa kianzio cha asilimia 3.5, hata 500 ukiweka asilimia 10, ingawa wakopeshaji wengi wanaongeza viwango vyao wenyewe juu ya hivyo. Kwa 652 tungepata nyumba mwezi ule ule. Chelewesho lilikuja kutugharimu kwenye bei. Afisa alitupigia hesabu ya mkopo wa dola 250,000 kwa miaka 30. Kwa riba ya asilimia 6.5, malipo ya mwezi ni dola 1,580. Kwa asilimia 7, ni dola 1,663. Tofauti ya dola 83 kwa mwezi inaonekana kama mafuta ya gari ya wiki moja, mpaka uizidishe kwa miezi 360. Inakaribia dola 30,000. Hapo bado bima ya mkopo, ambayo kila anayeweka kianzio chini ya asilimia 20 kwenye mkopo wa kawaida anailipa, na bei yake nayo inapanda kadiri alama zinavyoshuka. Kwenye FHA bima haiangalii alama zako, lakini unalipa asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, ambayo kwa 250,000 ni dola 4,375, kisha nyingine kila mwaka, na ukiweka kianzio chini ya asilimia 10 bima hiyo inakaa na mkopo wako maisha yake yote.

Nilifikiria tuombe kwa jina langu peke yangu, maana 712 yangu ilikuwa safi. Njia hiyo ipo, na kwa baadhi ya familia inafaa. Ila ukiomba peke yako, kipato kinachohesabiwa ni chako peke yako, na mshahara wangu wa kuwahudumia wazee haukutosha kubeba mkopo ule. Walio Texas, Arizona au California wajue pia kwamba kule sheria inahesabu mali na madeni ya wanandoa kuwa ya pamoja, na ukiomba FHA madeni ya mwenzako yanahesabiwa hata kama jina lake halimo kwenye mkopo. Kentucky haiko hivyo.

Afisa alisema neno moja ambalo ndilo lililotufanya turudi nyumbani kujipanga. Alisema anayepitisha mkopo huangalia kwanza miezi 12 ya mwisho, mmoja baada ya mwingine, kisha 24. Doa la miezi miwili iliyopita linamuuliza swali: je, hawa wanaanza kuzama? Doa lile lile likiwa na mwaka na zaidi, huku miezi iliyofuata yote ni safi, limeshajibiwa na miezi yenyewe. Linabaki kwenye taarifa miaka saba, lakini uzito wake unapungua kadiri linavyozeeka. Kwa hiyo tulichopaswa kununua ni muda. Na muda si wa bure. Mwaka wa kusubiri ulikuwa mwaka mwingine wa kulipa kodi ya dola 1,150 kila mwezi kwenye nyumba ya mtu, huku hatujui bei za nyumba na riba za soko zitaelekea wapi. Sisemi kila mtu asubiri. Ambaye kodi inampasua kichwa, au watoto wanalala sebuleni, achukue FHA aingie ndani, siku za mbele alama zikipanda aombe mkopo mpya wa kuubadilisha ule. Sisi chumba kilikuwepo, tukaona tusubiri.

Kwanza tulijaribu kuliondoa doa. Kampuni ya kadi haina wajibu wa kufuta habari iliyo ya kweli, lakini unaweza kuiomba kwa hisani, na wapo wanaokubaliwa, hasa mteja wa muda mrefu mwenye chelewesho moja. Mume wangu alipiga simu, mimi nikiwa pembeni kama mkalimani. Dada aliyepokea alifuta ile faini dakika hiyo hiyo, bila kubishana. Kuhusu doa, akasema hana mamlaka, tuandike barua. Tuliandika, tukaambatanisha barua ya benki inayothibitisha kwamba akaunti ilifungwa kwa sababu ya ughushi. Jibu likaja kwa heshima na kwa ufupi: wanatakiwa kuripoti kilichotokea. Tukaandika tena, jibu likawa lile lile. Sijutii barua hizo, maana karatasi za benki tulizozikusanya ndizo zilizotusaidia baadaye.

Habari zikienea kwamba una shida ya krediti, utaletewa mtu. Kwetu alikuja kupitia rafiki wa kanisani, mtu wa kutoka nyumbani kabisa, anazungumza Kiswahili chetu, anataka dola 800 kabla ya kazi ili "kusafisha" jina. Njia yake ilikuwa kuandikia zile ofisi tatu kwamba kadi ile si ya mume wangu. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inakataza kampuni za kurekebisha krediti kudai malipo kabla ya kufanya kazi waliyoahidi, hilo tu lingetosha kumtilia shaka. Lakini ubaya wenyewe ni mkubwa kuliko hizo 800. Ni kweli una haki ya kupinga kosa, na ofisi inapaswa kulichunguza ndani ya siku 30, bure, bila wakala. Ila kupinga jambo la kweli ni kusema uongo kwa maandishi, na juu ya hayo, akaunti yenye pingamizi lililo wazi inaweza kukwamisha mkopo wa nyumba, mkopeshaji akakutaka uliondoe kwanza. Taarifa zako unaweza kuzisoma mwenyewe kila wiki bila malipo kwenye AnnualCreditReport.com. Nimekaa na kina mama kadhaa jikoni kwangu tukizisoma pamoja, na mama mmoja tulikuta amebandikwa bili ya hospitali ya mtu mwenye jina kama lake. Hilo lilikuwa kosa la kweli, tukalipinga, likatoka.

Mwaka wenyewe wa kusubiri ulikuwa wa mambo madogo madogo. Kampuni ya kadi huripoti salio lililopo siku taarifa ya mwezi inapofungwa, ambayo huja wiki tatu au zaidi kabla ya siku ya kulipa. Ukitumia dola 900 kwenye kadi yenye kikomo cha 1,000 na kuzilipa zote kwa wakati, bado unaweza kuonekana mtu aliyejaa madeni. Tukaanza kulipa kabla ya siku ya kufunga, salio linaloripotiwa likawa dogo, na alama zikaanza kupanda mapema kuliko nilivyotarajia. Kodi tukaacha kuilipa kwa hawala ya duka la kona, tukawa tunailipa kutoka benki, kwa sababu tangu 2021 mfumo wa Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa wakopeshaji, unaweza kumhesabia vizuri mnunuzi wa nyumba ya kwanza miezi 12 ya kodi inayoonekana kwenye taarifa za benki. Zamu yangu ya likilimba ilipofika, nililipokea fungu mapema na kulikalisha benki miezi kadhaa, maana fungu kubwa likiingia wiki chache kabla ya kuomba, utaulizwa limetoka wapi, na kumweleza Mmarekani likilimba kwa maandishi si kazi ndogo.

Jambo zito lilikuwa la shemeji. Mdogo wake mume wangu alifika Louisville vuli ile, akapata kazi ya usiku kwenye kituo cha vifurushi kule uwanja wa ndege, na anahitaji gari, kwa kuwa saa kumi usiku hakuna basi la kumrudisha nyumbani. Muuza magari alimwambia atampa akileta mtu wa kumdhamini. Alikuja Jumapili, akakaa, akala, kisha akasema, "Kaka, ni sahihi tu, malipo nitalipa mimi." Kwa mila zetu, mkubwa anayemkatalia mdogo wake sahihi anaongelewa mpaka kijijini. Na mume wangu angeweza kukataa kwa neno moja, lakini alimwita kwenye kompyuta, akafungua taarifa yake na kumwonyesha ule mstari wa visanduku. Akamwambia, "Ukinisainisha, gari lako linakuja kukaa hapa, chini ya jina langu. Deni lote linahesabiwa langu. Siku moja usipolipa kwa wakati, sanduku linaingia hapa kabla mimi sijajua." Shemeji alitazama muda mrefu. Hakufurahi, na sitadai kwamba alifurahi. Tulichofanya ni kumchangia dola 2,000 taslimu akanunua gari kuukuu la mkono wa pili bila deni, na miezi ile ya baridi alipokuwa hajalipata, mimi nilikuwa naamka kwenda kumchukua. Ndugu wawili wa ukoo hawakutuelewa, mmoja mpaka leo. Lakini nimeona familia mbili hapa mjini zilizopoteza nyumba waliyokwisha kuichagua kwa sababu ya gari la mtu mwingine, na nitaendelea kuwaambia watu: kumsaidia ndugu kwa pesa uliyonayo ni tofauti kabisa na kumkopesha jina lako.

Mwezi Juni mwingine ulipofika tulirudi. Namba ya katikati ya mume wangu ilikuwa 703. Tulikwenda kwa wakopeshaji watatu kulinganisha, na hapo pia kuna woga usio na sababu, watu wanadhani kila anayevuta taarifa zako anakupunguzia alama. Maombi ya mkopo wa nyumba yakifanyika ndani ya muda mfupi, siku 14 kwenye kanuni za zamani na 45 kwenye mpya, yanahesabiwa kama ombi moja. Tofauti kati ya mkopeshaji wa kwanza na wa tatu ilikuwa kubwa kuliko tulivyofikiri.

Aliyepitisha mkopo akataka barua ya maelezo kuhusu lile sanduku la Aprili. Mume wangu aliiandika kwa Kiswahili kwanza, kurasa tatu, mimi nikatakiwa kuitafsiri. Alianzia Fizi, kwao Kongo. Aliandika jinsi baba yake alivyokuwa akiheshimika kwa kutodaiwa na mtu, akaja kambini, akaja lori, akaja mpaka usiku ule wa kulipa deni la mwisho la tiketi. Nilisoma nikalia. Kisha tukaipeleka kwa mshauri wa nyumba wa shirika moja lililoidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ambaye huduma yake hatukuilipia, na akatuambia bila kuzunguka kwamba msomaji wa barua hii anataka vitu vitatu tu: nini kilitokea na tarehe zake, kwa nini hakitarudia, na karatasi ya kuthibitisha. Barua iliyokwenda haikujaza nusu ukurasa. Akaunti ilifungwa na benki Februari kwa ughushi, malipo ya Machi yakarudi, deni lote likalipwa Aprili 20, malipo yamehamishiwa akaunti mpya na barua pepe imebadilishwa, tazama viambatanisho. Ilipokewa bila swali la pili. Zile kurasa tatu nimezihifadhi kwenye bahasha ya vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Siku chache kabla ya kusaini walivuta tena taarifa zetu, kama wanavyofanya kwa kila mtu. Hapa ndipo wengine wanapoanguka, wanakwenda kukopa makochi na televisheni ya nyumba mpya wakati mkopo wenyewe haujafungwa. Sisi tulihamia na magodoro na meza ya zamani. Riba tuliyopata ilikaribia sana ile ya chini aliyotuonyesha afisa mwaka uliotangulia, na bima ya mkopo ilikuwa nafuu kuliko alivyokadiria mwanzo. Tulisaini Julai, na malipo ya kwanza yalikuwa Septemba 1. Mwanamke aliyetusainisha alitueleza kwamba mkopo ule una siku 15 za neema kabla ya faini. Mume wangu akamuuliza mbele ya watu wote, "Na kuripotiwa ni siku ya ngapi?" Akajibu, ya 30. Mume wangu akaomba apewe ukurasa huo kwanza, akaandika kwa mkono juu yake barua pepe mpya, yangu na yake, na akamtaka aihakikishe kwenye mfumo kabla hajaendelea na ukurasa mwingine.